"Kitabu hakina redio ndani"

"Kitabu hakina redio ndani, kitaimba namna gani?" Aliniuliza hivyo jirani yangu mshona nguo, hapa Katuba, Lubumbashi, aliponikuta mkekani na watoto sita na kitabu cha picha kuhusu bendi ya mtaa. Si yeye peke yake anayeamini kwamba muziki hauingii kitabuni.

Ukweli ni kwamba huingia kwa mdomo wa msomaji. Kitabu cha namna hii hurudia mstari uleule kila baada ya kurasa chache, kama kiitikio, na ukifika mara ya tatu watoto hawakungoji tena. Kwa kawaida kina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa hukunjwa ikatoa kurasa 16 au 32. Mwandishi hana pa kujitanua. Hupima maneno kama mtunzi apimavyo beti. Anayesema "maneno machache, kazi rahisi" ajaribu.

Wengine hudhani picha ni pambo tu. Siku ile tulifika kwa mvulana mwenye gitaa la kopo la mafuta, nyuzi zake waya za breki ya baiskeli. Mdogo kuliko wote, asiyejua hata herufi moja, akaweka kidole: "Huu umekatika." Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara nyingi, sijauona waya ule. Maandishi hayakuutaja.

Kuna na dhana hii: muziki wa Kongo ni Kinshasa, basi mchoro uwe wa rumba. Rumba ina heshima yake, UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi mwaka 2021. Lakini mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda wa Bayeke, yaani Jean Bosco Mwenda, huko Jadotville, Likasi ya leo: mtu mmoja, gitaa kavu lisilo la umeme, Kiswahili. Edouard Masengo na Losta Abelo nao ni wa Katanga hii hii. Mtoto wa Katuba haendi mbali kumtafuta mpiga gitaa wa kuchorwa.

Kuhusu "Kifaransa kwanza, ndipo mtoto afaulu", sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazikubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, kuwa lugha za kufundishia. Mimi hata penye "ugali" nasoma "bukari", kama tusemavyo hapa, na hakuna aliyelalamika.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba kitabu cha ujirani lazima kiwe mahubiri: watu wote wanatabasamu, wote wanasalimiana. Watoto wanajua majirani hugombana kwa kelele za usiku, na wanajua pia kwamba paseli ya pili, yaani ua wa jirani, ikiwa na kilio, muziki huzimwa bila mtu kuambiwa. Kitabu chetu kina ukurasa huo, hauna neno hata moja. Ngoma zimelazwa ukutani. Mpiga ngoma amebeba viti viwili vya plastiki kichwani.

"Nani amekufa?" akauliza mmoja.

Nikasema hawakuandika.

"Bibi wa nyumba ya kijani," akasema mshona nguo, aliyekuwa amesimama nyuma yetu muda wote, pini mdomoni. "Rudisheni mwanzo. Dirisha lake lilikuwa wazi."

Tukarudisha. Lilikuwa wazi, na bibi alikuwa akipiga makofi.