Poda ya kapsule juu ya kidonda si pansema ya nano, tafazali acheni

Kwenye chumba yetu ya kufunga vidonda hapa Goma neno ni lilelile. Mutu anaingia na kitambaa kwenye muguu, amegongwa na chukudu (ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo) ao ameanguka juu ya makoro (mawe ya volkano), ukifungua unakuta ganda ya njano imekauka, ukiguza tu usaha unatoka pembeni. "Munganga, niliweka poda ya ampisilini." Zamani ilikuwa desturi tu, leo imepata na wakili, juu kuna video inazunguka kwenye WhatsApp ya labo za inje wanatengeneza pansema (kitambaa cha kufunika kidonda) ya nyuzi za nano, ni kusema nyembamba sana kuliko unywele, yenye antibiotiki ndani, na watu wamejiambia basi ni kitu kimoja, wao wanatia dawa kwenye kitambaa, sisi tunapasula kapsule tunamwanga. Ni bongo, ni uongo. Nimechoka kueleza mutu moja moja, acha nieleze hapa mara moja.

Hiyo pansema wanaitengeneza hivi. Wanachukua polima (kitu cha jamaa ya plastiki, kinaweza kuvutwa kikawa uzi), mfano polikaprolaktoni ao kitosani (hii inatokana na maganda ya kamba na kaa, wanyama wa bahari), wanaiyeyusha pamoja na dawa, jentamisini ao siprofloksasini, wanatia kwenye seringi yenye sindano, halafu wanapitisha umeme wa hatari, mara mingi volti 10,000 mpaka 30,000. Umeme unavuta tone kwenye ncha ya sindano mpaka linarefuka linakuwa uzi, uzi unakauka njiani, unaenda kujilundika kwenye bamba mbele. Uzi yenyewe iko na unene wa nanomita mia kadhaa tu (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), wakati unywele wa mutu unakaribia 80,000. Zikilundikana zinafanana na ule wavu wenye mwili unajengea nyama mpya, njo maana seli zinapata fasi ya kushikilia, hewa inapita, na unyevu haukauki haraka.

Na dawa sasa? Dawa iko NDANI ya uzi. Inatoka polepole, masaa ao siku, kwa kipimo chenye mutu alipima. Na hata hao watu wa labo, na mashini zao zote, shida yao kubwa ni kwamba dawa inapenda kutoka mingi kwa mara moja masaa ya kwanza, kisha inabaki kidogo tu yenye haiui kitu. Wamefika mpaka kutengeneza uzi wa tabaka mbili, dawa katikati na polima inje, ili kuizuia. Sasa wewe na kapsule yako ile shida wanaikimbia wewe njo unaifanya kusudi, unamwanga yote asubuhi, kidonda kinatoa maji, inaoshwa, mangaribi hakuna kitu, na vimelea vyenye vilibaki vimeshajifunza.

Tena ndani ya kapsule si dawa peke yake. Kuna vitu vya kujaza na vya kulainisha, talki, stearati ya magnesiamu, vitu vyenye vilitengenezwa kwa kupita tumboni, havikutengenezwa kulala juu ya nyama mbichi. Poda haikusafishwa kama kitu cha kidonda. Inaungana na damu na maji ya kidonda inakuwa ganda, na usaha unabaki chini ya ganda sawa sombe yenye imechacha ukafunika chungu na kifuniko kizuri. Juu unaona pakavu, unafurahi, chini inakula.

Na ampisilini yenyewe! Kimelea chenye tunakuta sana kwenye vidonda vya ngozi ni stafilokoki, na sehemu kubwa ya stafilokoki inatengeneza enzimu ya kukata penisilini na ampisilini vipande. Unamwangia chakula. Halafu kuna aleji: zamani kulikuwa mafuta ya penisilini ya kupaka ngozini, waganga waliyaacha juu yalikuwa yanaamusha aleji kwa watu wengi, na mutu mwenye amepata aleji kupitia ngozi, siku atahitaji sindano ya penisilini kweli utamutibu na nini?

Mutu ananiambia "lakini munganga, ata wazungu walifanya." Ndiyo walifanya. Vita ya pili ya dunia askari wa Marekani walikuwa wanatembea na pakiti ya poda ya sulfa (dawa ya zamani ya kupiganisha vimelea), ukipigwa unamwanga kwenye kidonda. Walipochunguza vizuri waliona poda haisaidii kidonda, wakaiacha. Miaka makumi nane iko inapita, sisi njo tuko tunaanza.

Mwaka 2019 wataalamu walikadiria vimelea vyenye vimezoea dawa viliua watu karibu milioni 1.27 duniani. Hiyo si mambo ya Ulaya, ni yule mutoto wa jirani mwenye antibiotiki tatu zimeshindwa.

Fanya nini? Osha. Mimi watu wananicheka juu ya hii neno lakini sitaiacha: osha, osha, osha. Maji safi ya kukimbia, sabuni pembeni ya kidonda, toa muchanga wote na vipande vya makoro. Kama ni maji ya bidoni yenye ulichota kwenye ziwa Kivu, chemsha kwanza, acha yapoe. Kisha kompresi safi na bande, basi. Antibiotiki ya kunywa ao sindano tunaitoa kama wekundu unatanuka, fasi inawaka moto, mutu ana homa, ao unaona mustari mwekundu unapanda muguu, na hapo hata usingoje kesho.

Maneno zingine za uongo zenye nasikia, nazipitisha mbio. "Kidonda kinataka upepo kikauke": mutafiti George Winter alijaribu kwa nguruwe mwaka 1962, vidonda vyenye alifunika na plastiki vikabaki na unyevu vilifunga karibu mara mbili haraka kuliko vyenye viliachwa wazi. Unyevu nasema, si kuloana. "Maji ya oksijeni (peroksidi ya hidrojeni) yakitoa povu ni uchafu unatoka": povu inaletwa na enzimu yenye iko kwenye damu na nyama yako, itatoa povu hata kwenye kidonda safi, na kila siku ukiitia unaua seli zenye zilikuwa zinajenga. "Nano ni chipu, inaingia kwenye damu": hapana mama, baadhi ya hizo polima ni jamaa moja na uzi wa kushona wenye unayeyuka wenyewe, wengi wenu muliojifungulia kwa kupasuliwa mulishonwa nao.

Na wale wananiuliza bei, kama ndugu wa Kigali anaweza kutuma: nyingi ya hizo pansema za antibiotiki bado ziko labo, zinajaribiwa kwa panya. Mutu akikuuzia moja hapa kwenye kartie ya Birere, muulize ilitoka wapi na dawa gani iko ndani, utaona atakavyogeuza maneno.

Hata ikifika siku moja, haitaosha kidonda kwa fasi yako, na haitashusha sukari. Kidonda cha muguu chenye kimepita mwezi hakifungi, usiniulize pansema, kuya asubuhi bila kunywa chai, tutatoboa kidole tupime sukari ya damu.