Je, wajua kwa nini riwaya uliyoiandika kwenye orodha yako bado inakutoka kichwani?

Mwaka juzi niliamua kuwa na orodha. Kila nikimaliza riwaya naandika namba, jina la kitabu, mwandishi na tarehe niliyomaliza, basi, kwenye daftari moja dogo. Kufika Desemba zilikuwa 31, nikajiona msomaji kweli kweli, nikaanza kuzipitia toka juu. Namba 1 safi. Namba 2 safi. Nikafika namba 9: jina lipo, tarehe 22 Machi ipo, na pembeni nyota mbili ambazo kwangu maana yake ni "hii kali, irudie". Sikumbuki kitu. Sio kwamba nimesahau mwisho wake, hapana, sikuwa na hata jina la mhusika mmoja, kilichokuja ni mama fulani anakunja barua mara nne anaisukumia chini ya godoro, na hata hilo sikuwa na uhakika kama ni la namba 9 au la namba 11.

Na sio kitu cha kupitia juu juu hicho. Mwaka 2019 Marc Brysbaert alikusanya tafiti kibao za kasi ya kusoma akapata wastani wa kama maneno 260 kwa dakika kwa hadithi za Kiingereza, kwa hiyo riwaya ya maneno 80,000 ni masaa matano na kidogo. (Hesabu hiyo usiibebe nzima nzima kwenye Kiswahili, manake "nimekisoma" letu moja linafanya kazi ya maneno manne ya kwao.) Masaa matano umekaa na watu, umewachukia, umewaonea huruma, wanaenda wapi?

Jibu nilikuwa nalo, na nimeligawa kwa watu wengi tu: ubongo unavuja, kuna mzungu alishapima akakuta ndani ya siku moja unasahau karibu asilimia 70 ya ulichosoma. Nimelisema hilo kwa kujiamini kwa miaka. Ni kosa, na utamu wa kosa lenyewe ni kwamba namba ipo kweli, ila haisemi nilichokuwa nasema mimi.

Mzungu mwenyewe ni Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, kazi yake ilitoka 1885. Zile namba hazikutoka kwenye vitabu, zilitoka kwenye silabi zisizo na maana yoyote, vitu kama "zof" na "wup", anazipanga mstari anazikariri mpaka azitaje bila kukosea. Na aliyekuwa anapimwa ni yeye mwenyewe peke yake, hakuna mwingine. Alijaribu pia kukariri beti za Byron, mshairi wa Kiingereza, akakuta zinahitaji kama sehemu moja ya kumi tu ya kurudia rudia kulinganisha na zile silabi. Yaani mwenye namba mwenyewe alishaona kwamba kitu chenye maana ni mnyama mwingine kabisa, ila hicho kipande hakuna anayekishea.

Halafu kuna kosa la pili ndani ya kosa la kwanza, na hili ndo lilinichukua muda. Ebbinghaus hakuwa anahesabu amekumbuka silabi ngapi. Alikuwa anakariri, anasubiri, anakariri tena zile zile, anapima ameokoa muda kiasi gani safari ya pili. Chukua mfano wa nyumba ya mtu uliyoenda kwa kuulizia, ukazunguka dakika 60 ndo ukaiona. Mwezi mmoja baadaye mtu anakwambia nichoree ramani, huwezi, imefutika. Lakini ukiingia mtaa wenyewe miguu inaanza kukumbuka, ah, hapa ni kushoto, unafika kwa dakika 40. Hizo dakika 20 ulizookoa ndo alichokuwa anapima, ramani uliyoshindwa kuchora haimo kwenye hesabu yake. Kwa hiyo asilimia 34 aliyoipata baada ya siku moja (ndo hiyo tunaigeuza kuwa "karibu 70 imesahaulika") inasema kazi ya kukariri upya ilipungua kwa theluthi moja hivi, haisemi theluthi mbili zimepotea.

Na ukiziangalia namba zake kwa utulivu zina kituko: baada ya dakika 20 ameokoa asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku 34, baada ya siku 31 bado 21. Saa moja ya kwanza inakula kuliko mwezi mzima unaofuata! Mwaka 2015 Murre na Dros walirudia jaribio lile, mtu mmoja akakaa na silabi masaa 70 (pole yake), na mchoro ukatoka unafanana. Mzee alikuwa sahihi, sisi ndo tunamlisha maneno.

Sasa riwaya. Huku maneno yenyewe yanaondoka haraka kuliko unavyodhani, ila yanaondoka kwa sababu kazi yao imeisha. Mwaka 1967 Jacqueline Sachs aliwasikilizisha watu kisa cha Galileo na darubini, halafu akawauliza kama sentensi fulani imebadilishwa. Kisa kikishasonga mbele silabi 80 tu, chini ya nusu dakika, ukibadilisha mpangilio wa maneno bila kugusa maana wengi hawashtuki, ukigusa maana wanashtuka. Ubongo umeshakamua maji ya muwa na kutupa makapi. Na hayo maji nayo hayakai kimya: Frederic Bartlett, kwenye kitabu chake cha 1932, alikuwa anawapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini wairudie, na kila wakiirudia mtumbwi unageuka boti, kuwinda sili kunakuwa kuvua samaki. Hawakuwa wanadanganya. Walikuwa wanajenga upya kwa matofali waliyonayo nyumbani.

Tukubali basi kwamba kitu fulani cha namba 9 kimebaki. Kwa nini jina la kitabu, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe, halikukivuta?

Fikiria namba za simu ulizosevu. Unakutana na fundi, anakutajia namba, unasevu "Juma". Una Juma wanne humo. Miezi sita baadaye bomba limepasuka, unashuka na listi, Juma, Juma 2, Juma Mpya (Juma Mpya! mpya tangu lini?), na mtu unayemtaka yumo, hajafutwa, namba yake inapatikana, ila jina halikupeleki kwake manake siku ile hukuwa unawaza jina, ulikuwa unawaza lile begi lake jekundu na jinsi alivyokuja bila spana. Ungesevu "Juma bomba begi jekundu" ungempata kwa sekunde mbili. Tulving na Thomson walilisema hili mwaka 1973 kwa lugha ya kitaalamu: kidokezo kinafanya kazi kama kilikuwepo kichwani wakati kitu kinaingia. Na ukiwa katikati ya riwaya, sema kweli, ni mara ngapi unawaza jina la kitabu? Lipo kwenye jalada, jalada umelikunja nyuma, unamuwaza mama na barua yake.

Tena kuna namna ya kuandika. Mimi nilikuwa naandika kitabu kikiwa mapajani, naangalia jalada, nakopi. Kukopi hakumgusi Juma hata kidogo. Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu vifupi, wengine wakasoma mara ya pili, wengine wakafunga na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki kibao kimegeuka, walioandika kwa kichwa 56, waliosoma tena 42. Kule kuhangaika kuvuta ndo kunafyeka njia, kama kijia cha porini, kinabaki wazi kwa sababu kinapitwa.

Breki kidogo hapa. Vile ni vifungu vya ukurasa mmoja vyenye taarifa, na kipimo ni wiki. Riwaya ya kurasa 300 na mwaka mzima ni umbali mwingine, kuvuta matokeo yale mpaka huku ni dau langu mimi, usiwabebeshe wao.

Mwaka jana nikaongeza safu moja kwenye daftari. Siandiki siku ninayomaliza, naandika kesho yake, kitabu kiko chumba kingine. Mistari miwili tu: nani alitaka nini, na picha moja. Mfano namba 14: "Dada mkubwa anataka shamba lisiuzwe, mdogo anataka hela. Mbwa analala kwenye kaburi la baba, hakuna anayemfukuza." Nikisoma hiyo saa hizi inafunguka yote, mpaka mvua ya sura ya mwisho. Namba 20 niliacha patupu, kesho yake nilikuwa sina cha kuandika, na nadhani hilo ni hakimu mzuri kuliko nyota zangu.

Namba 9 niliirudia mwezi uliopita. Kufika ukurasa wa 40 mlango unagongwa, na kabla haujafunguliwa nikajua ni shemeji na amekuja kukopa, sijui nimejuaje, nimejua tu, nikaimaliza kwa siku mbili wakati mwanzo nadhani ilinichukua wiki. Ebbinghaus angefurahi.

Barua chini ya godoro haimo. Nikafungua namba 11, humo nako haimo.