Kitanda cha mtoto mchanga hakitaki ulaini

Jumamosi iliyopita alikuja bwana mmoja karakanani kwangu Ngamiani, Tanga, kafuatana na mama mkwe wake. Mkewe amebakiza wiki tatu ajifungue. Akafungua simu akanionyesha picha ya kitanda anachokitaka: mito mitano, shela inaning'inia juu kama besera ya samadari, kingo zote zimezungushiwa sponji lililovishwa satini, na godoro limeumuka kama andazi. Nikamwambia hiyo ni keki ya harusi. Bibi hakucheka. "Fundi, mwanangu, weka godoro la inchi 8. Laini. Mtoto azame, ajione bado yumo tumboni mwa mamake."

Niliweka randa chini. Mwezi huu pekee huyo ni wa tatu kuniambia mtoto "azame". Huwa naeleza, wananiitikia vizuri, wakitoka hapa wanapitia kwa mshona magodoro kuongeza sponji. Basi leo naandika. Atakayekuja tena nitampa simu asome, mimi niendelee na kazi.

Mimi ni seremala, si daktari. Natengeneza vitanda vya watoto, hasa vile vya kuegesha, vinavyobanwa ubavuni mwa kitanda cha wazazi ili mama anyooshe mkono tu amfikie mwanawe. Mambo ya pumzi nimefundishwa na mke wangu, ambaye ni mkunga. Zamani nilimchongea mtoto wa dada yangu kitanda nikakitilia na kimto cha pamba, nikakileta nyumbani kwa maringo akione. Akanikalisha chini kama mwanafunzi.

Mtu mzima uso ukizama kwenye mto anageuka hata hajaamka. Kichanga kichwa chake kizito na shingo haijakaza. Uso ukizama kwenye sponji, hewa aliyoitoa inabaki mle mle shimoni, anaivuta tena, na tena, na kila mvuto una uhai kidogo kuliko uliotangulia. Na halii. Watu wananiambia, "Fundi, si nitamsikia?" Humsikii. Kwa hiyo godoro liwe gumu, bapa, limebanwa shuka moja, basi. Hakuna mto, hakuna mwanasesere, hakuna blanketi, hakuna sponji la kuzungushia kingo. Marekani hayo masponji ya kingo yamepigwa marufuku kisheria tangu 2022, sisi ndiyo kwanza tunayaagiza kwa fahari.

Mimi nalijaribu godoro hivi: naweka pakiti ya unga ya kilo 2, nasubiri, naiondoa. Likibaki shimo, nalirudisha dukani. Si kipimo cha maabara, nakiri. Lakini muuza magodoro ukimuuliza kama lake ni gumu atakujibu ndiyo hata ukiwa unaliona linavyobonyea chini ya sahani yake ya chipsi.

Bibi akaniuliza swali la pili, lile lile la siku zote: huyo mtoto alale chali, je akicheua, hatapaliwa? Hili nitalieleza polepole maana bibi wa watu hana kosa. Ukiliangalia juu juu linaingia akilini. Shika koo lako. Njia ya hewa iko mbele, njia ya chakula iko nyuma yake, upande wa mgongo. Mtoto akilala chali, njia ya hewa iko juu na ya chakula iko chini. Maziwa yakirudi, ili yaingie kwenye hewa yanatakiwa yapande mlima. Mlaze kifudifudi uone: umeipindua nyumba, sasa mlango wa hewa uko chini na maziwa yanauteremkia. Ubavu nao ni kifudifudi ambacho hakijafika. Uingereza walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata.

Na msiniagize niinue upande wa kichwa. Mtoto anateleza, kidevu kinaangukia kifuani, na hiyo njia ya hewa tuliyokuwa tunaihurumia inakunjika kama mpira wa maji uliokanyagwa. Sheria ile ile ya Marekani ya 2022 imekataza vitanda vya watoto vilivyoinama zaidi ya digrii 10.

Sasa nije kwenye linalonikera mimi kama fundi. Hilo la ulaini angalau ni mapenzi. Hili ni uvivu wa kupima.

Mteja ananitumia ujumbe: "Fundi, kitanda chetu kimo chake futi 2, tutengenezee cha mtoto kilingane." Futi 2 umepima wapi? Juu ya mfumbati, ule ubao wa ubavuni mwa kitanda? Juu ya godoro likiwa tupu saa nne asubuhi, limetandikwa, halina mtu? Kitanda cha mama hakina kimo kimoja. Sponji la miaka mitatu, mama akilala ukingoni, na mama anayenyonyesha hulala ukingoni, linashuka inchi 2 au zaidi. Ukinipa kimo cha godoro tupu, usiku kitanda cha mtoto kinakuwa juu na upande wa mama unakuwa bonde. Mtoto akivutwa kidogo kuelekea titi, anateremka bondeni. Ukinipa kimo cha mfumbati ndiyo kabisa, cha mtoto kinakuwa chini kama daraja la ngazi, na mama anayejigeuza kwa usingizi ana pa kuporomokea.

Halafu kuna ufa. Godoro kubwa halikai mahali pamoja. Baba anaingia kwa kishindo, linasogea upande wa ukutani, na kati yake na kitanda cha mtoto unatokea ufa wa sentimita 5. Wewe huuoni kwa sababu shuka limeufunika. Mwili wa kichanga unaanza kuuingia, uso unabaki umebanwa kwenye ukingo wa sponji. Na tafadhali, ufa hauzibwi kwa kanga. Kila nyumba ninayokwenda nakuta kanga imekunjwa imesokomezwa pale, na mama ananionyesha kwa furaha. Mama, kanga hiyo jioni iko juu, usiku wa manane iko chini ya chaga, na ufa umerudi palepale. Au imepanda juu, na sasa imo kitandani kwa mtoto.

Ndiyo maana siku hizi sitengenezi cha kuegesha bila kufika nyumbani. Nabisha hodi, namwomba mama alale pale pale anapolala, baba naye alale upande wake (wanaume wanaona haya, sijui kwa nini), kisha naweka rula ukingoni. Kimo hicho ndicho naandika. Matendegu, yaani miguu, ya kitanda cha mtoto nayatoboa matundu kila sentimita 3 ili yashushwe godoro likizidi kuchoka. Godoro kubwa nalisukuma ligusane na la mtoto, upande wa pili napigilia ubao wa kulizuia lisirudi. Kisha mikanda miwili ya nailoni inatoka kitanda cha mtoto, inapita chini ya godoro kubwa, inafungwa kwenye mfumbati wa upande wa pili na kukazwa mpaka ukivuta kitanda cha mtoto kinakuja na cha wazazi. Watu huniuliza, Tanga hii ya mkonge, kwa nini usifunge kamba ya katani? Kwa sababu katani ikipata unyevu inakaza, ikikauka inalegea, na mimi sitaki kitanda kinachofuata hali ya hewa.

Ndani ya kitanda chenyewe, kati ya godoro na ubavu visipite vidole viwili. Fito za ubavuni zisiachane zaidi ya sentimita 6, maana kiwiliwili cha mtoto hupenya mahali ambapo kichwa hakipenyi, naye anabaki ananing'inia kwa shingo. Huko mitandaoni wanasema pima kwa kopo la soda, likipita nafasi ni kubwa. Kopo gani? Lile nene la zamani lina kipenyo cha sentimita 6.6, sawa. Haya membamba ya siku hizi hayafiki hata 6, yatapita kwenye kitanda kizuri ukamtukana fundi bure. Rula ni nafuu kuliko soda.

Nakiri: vitanda vyangu vinne vya mwanzo niliacha sentimita 9. Niliiga nafasi za fito za ngazi. Hakuna aliyedhurika, lakini nilipojua nilivifuata kimoja kimoja, Makorora viwili, kimoja Chumbageni, kimoja Pongwe, nikaongeza fito bure, na mwenye kile cha Pongwe akanilaumu kwamba nimemharibia urembo.

Chandarua sasa. Hapa ushauri wa Ulaya haunisaidii sana. Wao wanasema kisining'inie kitu chochote karibu na mtoto. Sisi tuna mbu wa malaria. Chandarua chenye dawa kinakaa, mjadala umefungwa, kilichobaki ni kinakaaje. Kitanda cha kuegesha kinaongeza upana wa futi 1 na nusu. Kama chenu ni cha 4 kwa 6, jumla inakuwa 5 na nusu, chandarua cha 6 kwa 6 kinafunika vizuri. Kama ni cha 5 kwa 6, jumla ni 6 na nusu, na kile cha 6 kwa 6 kitavutika, kitachomoka chini ya godoro, upande wa mtoto kitaning'inia juu ya uso wake. Nunua kikubwa kabla hujanilipa mimi. Cha duara kinachoning'inia kwenye ndoano moja kina mteremko, na mteremko huo unaangukia ukingoni, alipo mtoto. Ukiwa nacho hicho hicho, hamisha ndoano isogee upande wake. Kichomekwe chini ya magodoro pande zote, kikaze, kisibaki kitambaa cha kuchezea.

Mengine haraka. Mtiki wa Longuza ni mzuri kwa pwani, ghali. Saiprasi ya Lushoto inafaa ukichagua isiyo na vifundo vingi. Mbao za unga wa mbao uliobanwa zinavimba kwa hewa yetu na skrubu zinalegea. Vanishi ikauke mpaka harufu iishe, kwa hiyo msije wiki ya kujifungua. Magurudumu sipendi. Ubavu unaoshuka kwa reli siutengenezi; Marekani waliukataza mwaka 2011 kwa sababu vyuma vyake vikichoka ubavu unaachia. Nyufa ndogo kwenye maungio ni nyumba ya kunguni, na dawa ya kunguni haipulizwi kwenye kitanda cha kichanga, kwa hiyo nazijaza gundi na vumbi la msasa mapema. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi ikipamba moto, mtoto wa Tanga hahitaji soksi wala kofia usingizini. Mguse kifuani, akiwa na jasho mpunguze nguo. Hirizi na shanga za shingoni zivuliwe akilala. Sibishani na mtu kuhusu hirizi, nabishana na uzi.

Yapo ambayo sina uhakika nayo. Upande wa mama, uwe wazi kabisa au ubaki ukingo? Mimi naacha ukingo wa vidole vinne juu ya godoro la mtoto, kwa hofu ya kubiringika. Wapo akina mama wanaosema unawachoma mkono wakinyonyesha, na mama aliyechoka kuchomwa atamhamishia mtoto kitandani kwake moja kwa moja, ambako ndiko nilikokuwa namwepusha. Nimewahi kuupunguza nikaurudisha. Bado unanisumbua.

Na bei. Kuna wanaokuja, wanauliza, wanashukuru, wanaondoka, na najua usiku mtoto atalala katikati ya baba na mama kwenye chumba kimoja cha kupanga. Siwezi kumwambia mtu huyo asubiri apate mtiki. Ufini serikali ilianza kuwapa akina mama sanduku la uzazi tangu 1938, la siku hizi ni boksi gumu lenye kigodoro, na watoto wamelala humo. Sanduku si uganga. Kinachofanya kazi ni ule ubapa, ugumu, utupu, na kuwa karibu na mama. Wawili kati ya hao niliwatengenezea trei ya mbao za makreti, ya kukaa sakafuni juu ya mkeka, ndani ya chandarua. Haivutii macho. Ila chochote utakachofanya, usisinzie na kichanga kwenye kochi. Mke wangu ananiambia bora hata kitanda kikubwa kuliko kochi, na yeye si mtu wa kusema "bora hata".

Cha kuegesha kina mwisho wake pia. Mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, au kukaa mwenyewe, kifungueni, ahamie kwenye kitanda chenye kuta nne ndefu. Msikisubiri kichakae.

Yule bwana alikuja kuchukua kitanda juzi Jumatano. Godoro inchi 4, gumu. Bibi akalibonyeza kwa kiganja, akaguna, "Jiwe hili." Nikamwambia ndiyo, shikamoo. Wakapakia kwenye bajaji. Nikaona chini ya kwapa kashika kimto cha satini, chekundu, kina lesi. Nikamwita, "Bibi, hicho?"

"Hiki cha mgongo wangu," akasema. "Nawe nacho utanipimia rula?"