Vumbi likipungua, wagonjwa wa dengi wanaongezeka. Kwa nini?

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za homa ya dengi mijini, na kuna swali ninaloulizwa kila mara: je, hewa chafu hufukuza mbu? Wanaouliza wana sababu. Ukichora mstari wa vumbi laini, zile chembechembe za chini ya maikromita 2.5, kando ya mstari wa wagonjwa, mara nyingi utaona mmoja ukishuka huku mwingine ukipanda.

Kabla ya kulisifu vumbi, itazame mvua. Mvua huosha hewa, na mvua hiyohiyo hujaza ndoo na matairi yaliyotupwa, humo anamozaliana Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengi. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakifikiwa na maji yanaanguliwa. Vumbi halikumfukuza mtu wala mbu; liliondoka tu msimu ambao mbu waliingia.

Ozoni, gesi inayochafua hewa, nayo hutupotosha, ila kwa kinyume chake: yenyewe hupanda pamoja na wagonjwa. Hutokea moshi wa magari unapopigwa na jua, hivyo huongezeka siku za joto. Na joto ndilo linalomharakisha kirusi ndani ya mbu. Kwenye nyuzi 25, mbu aliyemng'ata mgonjwa huchukua kama wiki mbili kabla ya kuweza kuambukiza. Kwenye nyuzi 30, kama wiki moja. Tofauti hiyo ni nzito sana, maana mbu wengi hufa kabla ya kuzimaliza hizo wiki mbili. Lami na zege, zinazotunza joto hadi usiku, humsaidia kirusi kuwahi.

Tena kuna kuchelewa. Yai hadi mbu kamili, siku 7 hadi 10 hivi. Kirusi ndani ya mbu, nimeshataja. Mtu aliyeng'atwa, siku 4 hadi 10 ndipo homa ipande. Anayelinganisha wagonjwa wa wiki hii na hewa ya wiki hii anapoteza muda wake.

Sikatai kwamba uchafu wa hewa waweza kumgusa mbu mwenyewe: yeye humfuata mtu kwa harufu na pumzi, na ozoni huvunjavunja baadhi ya harufu. Lakini hilo huwezi kulipima hujatenga mvua na joto. Ndiyo maana nikiletewa takwimu za mji, kwanza naomba daftari la kituo cha hali ya hewa, siku kwa siku, kuanzia miezi mitatu kabla ya mgonjwa wa kwanza.