Mzee kakuachia Hiace, lakini kadi iko benki

Swali hili huletwa mezani kwangu kwa sauti ya chini, kama siri ya ukoo: "Mzee ameniachia Hiace, ila ina mkopo. Kadi ya usajili wa gari nibadilishe jina vipi?" Nafanya kazi ya mikopo ya magari hapa Mwanza, na jibu langu la kwanza huwaudhi wengi: ulichopewa mpaka sasa ni funguo.

Gari likinunuliwa kwa mkopo wa benki, kwa kawaida kadi huandikwa jina la mkopaji pamoja na la benki, na kadi yenyewe hubaki kabatini mwa benki. Maadamu jina hilo lipo, Mamlaka ya Mapato (TRA) haiwezi kuhamisha umiliki bila benki kuridhia kwa maandishi. Baba hawezi kukupa haki kubwa kuliko aliyonayo yeye mwenyewe.

Hapo ndipo hutolewa karatasi ya familia, inayosema gari na deni sasa ni vyako. Imeandikwa sebuleni Buswelu, mjomba na shangazi wamesaini, mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri. Siidharau. Siku wadogo zako watakapouliza nani alilipa marejesho, itakusaidia sana. Lakini benki haikuwepo sebuleni. Deni halihami mpaka anayedai akubali, kwa hiyo wewe unalipa na mkopaji ni baba. Ukikwama, kumbukumbu za mikopo zinazochafuka ni zake, na gari linakamatwa likiwa na abiria wako ndani. Wakopeshaji wengi hufunga kifaa cha kufuatilia gari, kwa hiyo kuvuka daraja la Kigongo–Busisi ukajificha Sengerema si ujanja.

Kama salio ni dogo, ushauri wangu ni mmoja tu: changeni, mmalize. Baba aombe barua ya salio inayotaja tarehe, kwa sababu riba inatembea kila siku, na aulize kama kuna tozo ya kumaliza mapema. Pesa iingie kwenye akaunti ya mkopo, isipitie mkononi kwa mtu, hata awe afisa mpole kiasi gani. Kisha adai vitu viwili: kadi, na barua ya benki kwamba haina tena madai juu ya gari. Watu huchukua kadi, barua wakaiacha, halafu TRA inawarudisha.

Salio likiwa kubwa, omba benki ibadilishe mkopaji. Kiuhalisia ni mkopo mpya: watataka kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi (TIN), na mzunguko wa pesa unaoonekana. Mwenye daladala anayeweka hesabu yote mfukoni huanguka hapa. Anza kupitisha mapato kwenye akaunti au simu miezi kadhaa kabla ya kuomba.

Baba akiwa amefariki, msikimbilie kuuza ng'ombe ili mlipe deni. Mikopo mingi ya benki huwa na bima ya maisha ya mkopaji, ambayo hulipa salio akifa. Nimeona familia zikiendelea kulipa marejesho kwa sababu hakuna aliyeuliza. Pelekeni cheti cha kifo benki mapema, muulize kwa maandishi. Kuhusu kadi, ni lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Mtoto wa kwanza si msimamizi kwa kuzaliwa tu.

Kuna pia wale walioweka kadi kwa mkopeshaji wa mtaani, ile mikopo ya riba kali inayoitwa kausha damu. Huyu mara nyingi jina lake halipo kwenye kadi, na vijana huona njia ya mkato: waripoti kadi imepotea, wachukue nyingine. Usithubutu. Ni taarifa ya uongo kwa polisi, na deni liko palepale. Muulize kwanza leseni yake, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, kisha kaeni mezani.

Benki ikishaachia, TRA ni sehemu rahisi kuliko zote. Mnahitaji kadi halisi, mkataba wa mauzo au hati ya zawadi, vitambulisho na TIN za pande zote mbili. Kodi ya uhamisho wa gari imekuwa shilingi 50,000 kwa miaka mingi, ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, na kadi mpya 10,000. Kwa gari la milioni 15 ni kama 210,000. Lipeni kwanza faini za trafiki zinazodaiwa kwenye namba hiyo. Na msiandike thamani ya milioni mbili kwa gari ambalo kila mtu Igoma anajua bei yake.

Kadi ikitoka, nenda siku hiyohiyo kwa wakala wa bima. Bima kubwa (inayofidia hata gari lenyewe) iliyokuwepo ilimtaja baba, na benki kama wa kwanza kulipwa, haikujui wewe. Kwa gari la abiria, leseni ya usafirishaji ya LATRA nayo ibadilishwe jina kabla hujarudi barabarani.