Funza wa mabua: muwahi kabla hajaingia ndani

Tazama jani jipya la mhindi. Ukiona vitundu vidogo vimejipanga mstari kukatiza jani, kiwavi alilitoboa lilipokuwa bado limekunjwa. Tayari yumo shambani.

Kwenye milima ya Bukavu, Kabare na Walungu, huku Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, huyu funza wa mabua mara nyingi ni mtoto wa nondo aitwaye Busseola fusca, kipepeo wa usiku mwenye rangi ya kahawia. Jike hutaga mayai 30 hadi 100 kwa fungu moja, akiyaficha kati ya bua na ala ya jani, yaani sehemu ya chini ya jani inayolikumbatia bua. Baada ya wiki moja hivi yanaanguliwa, viwavi wanapanda hadi kwenye moyo wa mhindi, pale katikati majani mapya yanapochomoza, wanakula majani machanga siku kadhaa, kisha wanatoboa bua. Hapo dawa ya kunyunyizia haiwafikii tena, na mkulima anapoteza pesa bure.

Kwa hiyo kagua mapema, mara mbili kwa wiki, tangu mahindi yana wiki mbili. Fungua ala, ponda mayai. Moyo uliokauka, unaochomoka kirahisi ukiuvuta, maana yake funza yuko chini yake: ng'oa mmea, upasue kwa kisu, muue. Kuutupa pembeni ya shamba ni kumhamisha tu.

Kosa kubwa zaidi hufanyika baada ya mavuno. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, funza hulala ndani ya mabua na visiki, na mvua za Septemba zikianza hutoka akiwa nondo. Mabua yaliyosimamishwa au kurundikwa kwa kuni humhifadhi vizuri sana. Yalaze juani wiki nne, au yakatekate uwape ng'ombe, visiki ving'oe. Kuyachoma yote hatushauri, maana kwenye miteremko yetu udongo unabaki uchi na mvua inauchukua.

Viwavi wa nondo wengine hutoboa miti. Ukiona punje za unga wa mti chini ya shina, tafuta tundu, ingiza waya mwembamba mpaka umfikie, tia matone machache ya mafuta ya taa kwa sindano, ziba kwa udongo wa mfinyanzi. Unga mpya ukitoka baada ya wiki, rudia. Lakini ganda tupu la kahawia likichungulia tundoni, nondo amekwisha kuruka. Usipoteze mafuta, kagua miti ya jirani.