Namba 616 haikuambii bidhaa imetengenezwa wapi

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya Kisumu na Nakuru: bidhaa yenye bakodi inayoanza na 616 imetengenezwa Kenya, hivyo inunue uwape vijana wetu kazi, nyingine zote ni za nje. Nia ni njema. Habari yenyewe si sahihi.

616 huonyesha tu kwamba namba hiyo ilitolewa Kenya. Kampuni ya hapa ikiagiza sukari ng'ambo na kuipakia upya, pakiti inaweza kubeba 616. Nayo kampuni ya kigeni yenye kiwanda hapa inaweza kutumia namba ya kwao. Ukitaka kuhakikisha, geuza kitabu cha shule kilichochapishwa Nairobi: bakodi yake huanza na 978, namba ya vitabu duniani kote.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu namba hizo kweli hugawiwa kwa nchi. Mzee anayeusambaza ujumbe huo anataka kuinua viwanda vya nyumbani. Mjukuu wake huenda akauliza pia kama kiwanda kinamwaga taka ziwani (swali zuri, kwa maoni yangu). Bakodi haimjibu yeyote kati yao. Tafuta kwenye lebo nchi ilikotengenezwa bidhaa, na ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.